Chuma Nyuma ya Sikio

Vidole vya Kiplimo vilikuwa bado shingoni mwa ndugu yake.

Hapo ndipo tulipowaacha wiki iliyopita: katikati ya shamba la chai, jua la adhuhuri likiwaka juu ya vilima vya Kaplong, Kiplimo amemkalia Benard kifuani, na kichwani mwake ile sauti ya Kapteni ikirudia neno moja tu.

"Maliza."

Benard alikuwa akitupa miguu. Kikapu chake kilikuwa kimepinduka, majani mabichi yametapakaa chini. Macho yake yalimtazama kaka yake yakiuliza: nimekukosea nini?

Hakuwa amemkosea kitu. Alikuwa amemwambia tu, "Wewe chukua mstari wa juu, mimi nichume wa chini."

Na Kiplimo, msomaji, hakuwa na hasira. Hilo ndilo la kutisha. Hakusikia chuki, hakusikia huruma. Alisikia vile mtu husikia akichuma chai: kazi ipo, na ifanywe.

"Baba Winny! Wacha! Utamuua!"

Huyo alikuwa Caren, mkewe. Alimvuta shati, likararuka. Alimuuma begani, damu ikatoka. Kiplimo hata hakugeuka. Ni kama Caren alikuwa anauma gogo.

Caren akatazama huku na huku. Akaona jembe mtaroni. Akalinyakua, akaugeuza mpini mbele, akampiga mumewe nyuma ya sikio la kulia, palepale penye kile kijivimbe ambacho tangu arudi kutoka vitani hakumruhusu mtu yeyote kukigusa.

Kiplimo akapiga yowe. Kichwani mwake sauti ya Kapteni ilikatika, ikawa mluzi, kama redio iliyopoteza stesheni. Vidole vikafunguka vyenyewe. Akaanguka ubavu.

Benard akavuta pumzi moja iliyokwaruza kama mlango wa mabati.

Majirani walikuja mbio kutoka mashamba ya kando. Walipomwinua Benard, alijaribu kusema. Midomo ilicheza. Sauti haikutoka.

Kiplimo alipofumbua macho alimwona mdogo wake akibebwa kwenda nyumbani. Akaruka kusimama.

"Nani amempiga Penard?" alifoka, akilitamka jina kwa p kama kawaida yake. "Nani? Nionyesheni yeye!"

Wanaume walirudi nyuma hatua moja moja.

"Caren, ni nani?"

"Ni wewe."

Kiplimo alicheka. Kisha akatazama mikono yake. Chini ya kucha kulikuwa na ngozi ya ndugu yake.

Kicheko kikafa.

*

Kwa wewe unayetufuata leo kwa mara ya kwanza, sikiliza.

Kiplimo na jirani yake Nyagaka walikua pamoja, wakaandikwa jeshini pamoja, wakatoka pamoja. Ndipo alipokuja katika mji wa Silibwet mgeni mmoja aitwaye Kapteni Brandt, akitafuta wanaume wanaojua bunduki wakalinde migodi katika nchi ya mbali. Kabla ya kupanda ndege kila mmoja alipasuliwa nyuma ya sikio, akatiwa chuma kidogo kama punje ya mahindi. Mtamsikia kamanda bila redio, wakaambiwa, na hamtaogopa kitu.

Kweli hawakuogopa kitu.

Kiplimo alirudi peke yake. Akaenda kwa Mama Bochaberi, mama yake Nyagaka, akamwambia: mwanao aliuawa na adui, nikamzika kwa mikono yangu. Mama yule akaomboleza bila maiti, bila kaburi. Na tangu siku hiyo kila Jumapili Kiplimo alimpelekea maziwa.

Haya, sasa turudi.

*

"Nifunge," Kiplimo alimwambia mkewe.

"Baba Winny..."

"Nifunge, Caren! Leta kamba ya ng'ombe. Hiyo sauti ikirudi, sijui itasema nini. Si mtoto yuko ndani?"

Caren hakubishana. Alimfunga kwenye nguzo ya zizi, mikono nyuma, mafundo juu ya mafundo. Majirani waliokuwa wamebaki walitazama, kisha wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Nani angekaa pale?

"Kaza."

"Nimekaza."

"Kaza tena."

Kamba ilikuwa imeanza kumkata Kiplimo ngozi, ndipo Caren aliposikia matawi ya chai yakivunjika nyuma ya zizi. Mwanamume alitokea akiwa amevaa kofia ya sufu, ingawa jua lilikuwa kali. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelala, jicho halipepesi, mdomo umeshuka.

Aliivua kofia.

Caren alipiga ukemi. Ncha ya kamba ikamponyoka.

"Nyagaka? Wewe si ulikufa?"

"Nani alisema?"

Caren alimtazama mumewe. Kiplimo alikuwa ametoa macho.

"Nilikuzika," alisema Kiplimo. "Pale mtoni. Nilikuzika mimi mwenyewe."

"Hukunizika, ndugu yangu. Ulinipiga risasi, ukapita juu yangu ukaenda."

"Hapana! Ulipigwa na adui."

"Adui alikuwa wewe."

Nyagaka hakulisema kwa ukali. Alichuchumaa mbele ya yule aliyefungwa, akaanza kueleza, maneno yakitoka kwa nusu ya mdomo.

"Unakumbuka wale wanawake waliokuja mtoni na ndoo?"

"Wanawake gani? Hakukuwa na wanawake."

"Walikuwako. Kapteni alisema ni wapelelezi. Akasema tupige. Chuma changu siku hiyo kilikuwa kimeanza kuharibika, nilikuwa nasikia woga kidogo, huruma kidogo. Nikakataa. Nikatupa bunduki majini. Kapteni akakwambia wewe, na wewe ukageuka bila hata kuuliza. Ukanimaliza mimi kwanza. Halafu wao."

"Unasema uwongo!"

"Wale wanawake waliopona walinikuta kwa matope. Mkunga wao mzee alinitoa risasi. Halafu akakiona hiki." Akageuza kichwa. Nyuma ya sikio palikuwa na kovu refu, jeusi, lililoshonwa vibaya. "Akakitoa kwa wembe. Ndipo nikajua kazi yake. Hiki chuma hakiui woga, Kiplimo. Hakiui uchungu. Kinaviweka tu, pamoja na kumbukumbu, kikupe uwongo badala yake. Siku kikitoka, kila kitu ulichofanya kinakuja mara moja. Nililia mpaka nikawa kipofu kwa muda. Nilipojaribu kujizuia, uso huu ukafa."

Caren alijishika mdomo.

"Na leo?" aliuliza. "Kwa nini leo Kapteni amtume amuue Benard? Benard amemfanyia nini mtu wa mbali hivyo?"

"Mama Winny, hayuko mbali. Yuko hapa."

Nyagaka akanyoosha kidole. Juu ya kilima, penye ile barabara ya murram, ya udongo na kokoto, gari jeupe lilikuwa limesimama peke yake. Juu ya paa lake palikuwa na mlingoti mrefu, mwembamba, kama wa redio.

"Nimekuwa nikiosha magari kwenye hoteli moja Kericho," alisema. "Kapteni alifikia hapo pamoja na mgeni. Hakunitambua. Nani humtazama mtu wa kuosha gari? Niliwasikia. Mgeni anataka kununua askari, lakini hakuamini. Akasema: hao wako wanaweza kuua adui, lakini mimi nataka wa kuua mtu yeyote nitakayemtaja. Kapteni akamwambia, njoo nikuonyeshe."

"Kumwonyesha nini?"

"Mtu akimuua ndugu yake mchana, shambani, bila sababu. Benard hakukosa, mama. Alikuwa majaribio tu."

Upepo ulipita juu ya chai. Ng'ombe alilia zizini.

Ndipo Kiplimo alipoinua kichwa.

"Nyagaka," alisema. "Kumbe uko hai."

Ilikuwa sauti ya Kiplimo, lakini haikuwa yake. Ilikuwa imenyooka, baridi, kila neno limekatwa sawasawa.

"Huyo si yeye," Caren alinong'ona.

"Nilikuwa nasikiliza yote," kinywa cha Kiplimo kiliendelea. "Masikio yake ni yangu. Asante kwa kunieleza ulipokuwa umejificha. Tulimjaribu Benard ikashindikana. Sasa nina shabaha bora."

Tangu amwoe Caren, mumewe hakuwahi kutamka jina la ndugu yake kwa b. Siku zote lilikuwa Penard, Penard. Sasa lilitoka safi, kama la mtangazaji.

"Njoo mpaka kwa gari, Nyagaka," kinywa kilisema. "Njoo mwenyewe, nimwache huyu na mke wake. Ukikataa, nitamwambia avunje hiyo kamba. Mifupa itavunjika kwanza, lakini hatasikia. Unajua hatasikia."

Misuli ya mabega ya Kiplimo ilituna. Nguzo ikalia. Kamba ikazama ndani ya nyama, damu ikaanza kutiririka kwenye viganja, na uso wake ukabaki mtulivu, kama mtu anayesubiri chai iive.

Nyagaka akachomoa wembe mfukoni.

"Mama Winny, lazima kitoke sasa."

Caren akasimama kati yao.

"Wewe? Mtu aliyekupiga risasi, nikuruhusu uweke wembe shingoni mwake?"

"Kuna mwingine?"

"Nitajuaje hutamchinja?"

Nyagaka aliutazama wembe. Jicho lake moja lilitoa chozi, lile lingine halikutoa.

"Hutajua," alisema. "Hata mimi, nilipokuwa njiani kuja, sikujua."

Kwa ghafla Kiplimo alijipinda. Uso wake ulikunjamana, na kwa kitambo kidogo, labda kwa sababu ya lile pigo la mpini, sauti yake mwenyewe ikapenya.

"Toeni! Caren, wacha yeye atoe! Toeni hii kitu!"

Kisha macho yakawa makavu tena.

Caren akapisha.

*

Mama Bochaberi alikuwa amesikia kelele akiwa shambani kwake. Alikuja na karai la maji ya chumvi kwa ajili ya koo la Benard. Alipozunguka zizi alimwona mwanamume amepiga magoti na wembe mkononi. Akaliona kovu. Akauona uso, ile nusu iliyobaki.

Karai likaanguka.

"Omwana one," alisema. Mwanangu.

Alimshika mashavu, akamshika masikio, akamshika kifua kama mtu anayetafuta kitu gizani. Nyagaka alisimama wima, hajui afanye nini na mikono yake.

"Mama, baadaye. Nakuomba. Baadaye. Sasa mshike huyu kichwa asitikisike."

"Ni nini mbaya na Kiplimo?"

"Yeye ndiye aliyenipiga risasi, mama. Na nisipomtoa hiki, atatuua sote."

Bochaberi aligeuka polepole. Alimtazama Kiplimo kwa muda ambao Caren aliuona mrefu mno. Ule mwaka wa fujo za kikabila mama huyu alilala nyumbani kwa akina Kiplimo, chini ya kitanda, nje watu wakipita na mishale. Huyu kijana ndiye aliyesimama mlangoni kumlinda.

"Kila Jumapili amekuwa akiniletea maziwa," alisema. "Nikayanywa nikikulilia wewe. Sasa niambieni, nianze kumchukia saa ngapi?"

Hakungoja jibu. Alikaa kando ya nguzo, akakizungushia kichwa cha Kiplimo mikono yake miwili, akakibana kifuani.

"Kata," alisema.

Kinywa cha Kiplimo kikafunguka. "Bi mkubwa, mwachie. Mwanao atakuja na mimi, hatakosa kitu..."

"Funga mdomo, shetani," alisema Bochaberi.

Nyagaka akakata.

Sitaeleza damu ile. Caren alimwaga maji ya moto aliyoyatoa jikoni, akashikilia kitambaa, akafumba macho. Alisikia mumewe akisema maneno ya kizungu, amri juu ya amri, upesi upesi. Kamba moja ikakatika. Mkono wa kushoto ukatoka, ukamshika Nyagaka koo. Nyagaka hakuacha kukata. Uso wake ukawa mweusi, na bado hakuacha.

Kitu kidogo kikaanguka juu ya jiwe. Kilikuwa kinang'aa, na kilikuwa na nyuzi nyembamba kama mizizi.

Mkono ukalegea.

Caren akachukua jiwe jingine, akakipondaponda mpaka kikawa unga.

"Baba Winny?"

Kiplimo alikuwa ametulia. Alitazama mbele. Bochaberi alianza kudhani kwamba wamemponya.

Kisha kile kilichokuwa kimewekwa kikaja.

Kilianzia miguuni, kutetemeka, kikapanda mpaka meno yakagongana. Akatoa sauti ambayo Caren hakuwahi kuisikia kwa binadamu, aliwahi kuisikia kwa ng'ombe anayechinjwa na kisu butu.

"Mmoja alikuwa na kitambaa cha kijani," alisema. "Nyagaka, alikuwa na kitambaa cha kijani! Alikuwa ameinua ndoo juu, ati tuone ni maji tu! Ni maji tu!"

"Najua."

"Na wewe ulikuwa unaniita jina. Ulikuwa unaniita, na mimi nikapiga!"

"Najua, ndugu yangu. Lia. Usishike. Ukishika utakufa uso kama mimi."

Walimfungua. Alijikokota kwa magoti kutoka zizini mpaka mlangoni, ambapo Benard alikuwa amekalishwa kwenye kiti, koo limefura, Winny mdogo amejificha nyuma yake.

"Penard," alisema. "Penard, ndugu yangu, nisamehe."

Benard alitazama ile mikono iliyokuwa inamfikia. Akasimama. Akamshika Winny, akamwingiza ndani, akafunga mlango.

Walisikia komeo likiingia mahali pake.

Kiplimo aliweka paji la uso kwenye mbao za mlango ule, akabaki hapo.

*

Lakini koo la Benard lilizidi kufura. Caren alipoingia kwa mlango wa nyuma alimkuta akivuta pumzi kwa shida, midomo imeanza kugeuka rangi.

"Hospitali," alisema. "Sasa hivi."

Bahati, au waliyodhani ni bahati, ilikuja ikiunguruma barabarani. Lori la majani ya chai. Dereva wake alikuwa Ondieki, mtu wa kicheko, aliyejulikana kila kituo cha kupimia chai. Kwa kipindi kirefu mwaka uliopita hakuonekana. Mkewe alisema alipata kazi Mombasa.

Caren alisimama katikati ya barabara akipunga leso.

"Ondieki! Tupeleke hospitali ya Kaplong! Shemeji yangu anakufa!"

Ondieki hakucheka leo. Alitikisa kichwa tu: pandeni.

Walimlaza Benard nyuma, juu ya magunia ya majani. Bochaberi akakaa na kichwa chake mapajani. Nyagaka akampandisha Kiplimo, ambaye bandeji yake ilikuwa imelowa, akamshikilia kama mtoto. Benard aliwaona wakikaa upande wa pili. Hakuwafukuza. Aligeuza tu uso.

Caren alipanda mbele, Winny akiwa mapajani.

Mlango ukafungwa. Lori likaondoka. Kwa mara ya kwanza tangu mchana, Caren alipumua.

Walifika njia panda. Kushoto ni Kaplong mjini, hospitalini. Ondieki akakata kulia.

"Ondieki, hospitali ni huku."

Macho ya Ondieki yalibaki barabarani.

"Ondieki! Umepotea njia!"

Barabara ya kulia ilipanda. Ilipanda kuzunguka korongo, kona baada ya kona, mpaka kwenye murram ya kilimani. Na kule juu, juu ya migongo ya chai, Caren aliuona ule mlingoti mwembamba ukiwangoja.

Taulo ambalo Ondieki alikuwa amejitanda shingoni liliteleza likaanguka kitini. Nyuma ya sikio lake palikuwa na kijivimbe cha mviringo.

Caren alimkumbatia Winny, akamtazama dereva usoni, akingoja kuona yale macho makavu aliyoyaona kwa mumewe.

Hayakuwa makavu. Machozi yalikuwa yanamiminika mashavuni mwa Ondieki, yanadondoka kwenye usukani. Mikono ilikuwa ya Kapteni. Machozi yalikuwa yake mwenyewe. Kile chuma kilikuwa kimeanza kuharibika.

"Mama Winny," alisema, na sauti ilikuwa yake, nyembamba, kama inatoka chini ya kisima. "Kwa kona ijayo nitapunguza mwendo kidogo. Fungua mlango. Ruka na mtoto. Zaidi ya hapo siwezi kumshinda."

Caren alitazama kwa kile kidirisha cha nyuma. Benard alikuwa amefumba macho. Bochaberi alikuwa anampepea. Kiplimo alikuwa analia begani kwa mtu aliyewahi kumuua. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anatazama barabara.

Kona ikafika. Lori likapunguza mwendo. Caren akafungua mlango, upepo ukaingia, akaona korongo likipita chini ya miguu yake.

Akaufunga mlango tena.

"Siruki," alisema. Alimshusha Winny sakafuni, akamwambia ashike kiti kwa nguvu, kisha akasogea mpaka bega lake likagusana na la dereva. "Nionyeshe breki ni gani."

Ondieki akafungua mdomo kumjibu.

Na mguu wake ukakanyaga mafuta.